Shule itajengwa wapi mtaa ukishajaa?

Tunapozungumzia huduma za jamii jijini Dar es Salaam, mazungumzo huishia haraka kwenye fedha: bajeti ya madarasa, bajeti ya zahanati, mkopo wa kujenga mitaro. Fedha ni tatizo la kweli, wala sitaki kulipuuza. Hata hivyo, kwa kadiri ninavyofuatilia vikao vya mtaa wetu ulioko pembezoni mwa jiji, naona fedha hupatikana mapema kuliko ardhi. Madarasa yanaweza kujengwa kwa awamu, kwa ruzuku ya serikali kuu, kwa mapato ya halmashauri na kwa nguvu za wananchi. Lakini eneo la shule halipatikani kwa awamu, na mtaa ukishajaa nyumba hakuna mtendaji wa kata anayeweza kulizua.

Sensa ya 2002 ilikuta watu wapatao milioni 2.5 mkoani hapa, ya 2012 ikakuta 4,364,541, na ya 2022 ikakuta 5,383,728. Mipango kabambe, yaani ramani kuu za kuongoza ukuaji wa jiji, haikukosekana. Kulikuwa na ule wa 1949, wa 1968 na wa 1979, na huo wa 1979 uliendelea kuwa rejea rasmi kwa zaidi ya miaka 30, jiji lenyewe likiwa limekwisha kuupita zamani. Katika miaka hiyo watu walinunua vipande vya mashamba Kimara, Goba na Mbagala kwa hati za mauziano zilizogongwa muhuri wa serikali ya mtaa, na leo inakadiriwa kuwa karibu asilimia 70 ya wakazi wanaishi katika makazi yasiyopangwa. Siwaiti wavamizi, kwa kuwa wengi wao walilipa wenye mashamba bei waliyokubaliana mbele ya mashahidi. Muuzaji alikata shamba lake kidogo kidogo kadiri shida zilivyomjia, leo ada ya mtoto, kesho matibabu, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyekuja kununua kwa niaba ya umma.

Tofauti ya kuanza mapema inaonekana kwa anayetembea kutoka Manzese hadi Sinza, ambayo ni maeneo jirani. Katika miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja Sinza na kuandaa barabara na maji kabla nyumba nyingi hazijajengwa, ilhali Manzese, ambako watu walikuwa wamekwisha kujenga, huduma zilipenyezwa katikati ya nyumba zilizokuwepo. Sinza imepandisha maghorofa juu ya viwanja vile vile, na gari la kunyonya majitaka bado linapita. Ndani ya Manzese zipo nyumba ambazo mgonjwa wake hubebwa hadi mahali bajaji inapoweza kugeuza. Sinza nayo haikusalimika kabisa, kwani baadhi ya maeneo yake ya wazi yamemegwa, jambo ambalo nitalirudia.

Njia inayotumika sasa kwa maeneo yaliyokwisha kujengwa ni urasimishaji. Kampuni ya upangaji na upimaji huchaguliwa, wananchi huchangia, kisha mchoro wa mipangomiji hubandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya serikali ya mtaa ili kila mtu aangalie kiwanja chake. Mchoro wa mtaa wetu niliutazama kwa muda mrefu. Rangi ya makazi imejaa karatasi nzima. Barabara zimeandikwa upana wa mita nne, na mahali pengine mita tatu, kwa kufuata kuta zilizopo. Rangi ya huduma za jamii iko kwenye kona moja tu, palipo na msikiti na kanisa vilivyokuwepo tangu awali. Urasimishaji una faida yake, maana mtu hupata hati na njia hupata jina, lakini hauwezi kurudisha ekari ambazo hazikuwahi kutengwa, labda kwa fidia ambayo halmashauri haina. Katika mkutano wa hadhara kuhusu mchoro huo mzee mmoja aliinuka na kusema, "Mwenyekiti, mwanangu, hapo sijaona makaburi. Sisi tutazikwa wapi?" Watu walicheka, kisha wakanyamaza, kwa sababu hakukuwa na jibu. Wapo wanaosafirisha maiti hadi mikoani, lakini si kila familia inaweza gharama hiyo. Makaburi hayana siku ya uzinduzi wala utepe wa kukata, na nashuku ndiyo maana huachwa nje ya hotuba.

Mfano ulio bora zaidi ni Mradi wa Viwanja 20,000, ulioanza mwaka 2002 katika maeneo kama Bunju, Kibada na Buyuni. Wizara ya Ardhi iliwalipa fidia wenye mashamba, ikapima, ikauza viwanja ili kurudisha gharama, na ikatenga maeneo ya shule, zahanati na masoko. Kasoro ilikuja baadaye: maji, barabara na majengo ya umma yalichelewa kuliko wakazi, na maeneo yaliyotengwa yakabaki vichaka. Kichaka cha umma hualika gereji leo na fremu za maduka kesho. Kwa maoni yangu, eneo la namna hiyo lipewe hati kwa jina la halmashauri, liwekewe bikoni, yaani alama za mipaka, na mstari wa miti, na likabidhiwe mara moja kwa vijana wachezee mpira, kwani timu ya mtaa hulinda uwanja wake kuliko bango la "Eneo hili haliuzwi".

Hadithi hii sasa imehamia nje ya mkoa. Mkoa wa Pwani ulikuwa na watu 1,098,668 mwaka 2012 na 2,024,947 mwaka 2022, na anayepita Vikindu, Mapinga au Kibaha huona kwamba jiji limemwagikia huko. Ndani ya Dar es Salaam kwenyewe kuna halmashauri tano, na tangu Halmashauri ya Jiji ya zamani ilipovunjwa mwaka 2021 na Ilala kupewa hadhi ya jiji, hakuna baraza moja la madiwani linalokaa kujadili eneo lote. Afadhali DAWASA, mamlaka ya maji, ambayo huchota maji ya mto Ruvu mkoani Pwani na kuhudumia pande zote mbili bila kujali mpaka wa mkoa. Mkuranga na Kisarawe bado zina mashamba ya mikorosho ambayo hayajakatwa viwanja, na naamini ekari zinazonunuliwa mwaka huu zitazigharimu halmashauri hizo kidogo kuliko fidia ya nyumba baada ya miaka kumi. Mimi ningeanza na makaburi, kwa kuwa shule na zahanati huenda zikapata mfadhili.