Mchele wa Mama Mkubwa

Agosti 2013 nilikuwa Bronx, nimekaa kwa mama mkubwa, mtu wa Mombasa. Nilikuwa nimesoma takwimu muhula mmoja tu chuoni, na kichwa kishavimba.

Jumatatu ile, siku 4 baada ya Idi, redio ikatangaza hukumu ya Jaji Shira Scheindlin: namna polisi wa New York wanavyosimamisha watu barabarani na kuwapekua, weusi hasa, inavunja katiba. Mama mkubwa alikuwa mezani anachagua mchele wa pilau. "Alhamdulillahi," akasema.

Nikaona hapa ndipo pa kuonyesha elimu. Nikamwambia asifurahi haraka. Mwezi Juni, Meya Bloomberg alikuwa amesema redioni kwamba ukitazama washukiwa wa mauaji jinsi wanavyoelezwa na mashahidi, weupe ndio wanaosimamishwa kupita kiasi, na weusi hata hawajafikia kiasi chao. Mimi nikamtetea. Hesabu niliirudia daftarini, ikatoka sawasawa.

"Mwaka jana waliuawa watu wangapi mji huu?"

"419."

"Na waliosimamishwa?"

"Zaidi ya 500,000."

Mkono ukasita juu ya sinia. "Sasa hawa laki tano walimuua nani?"

Nikababaika, nikasema kile ni kipimo tu. Akaniuliza tena, polepole, kama anayemfunza mtoto alifu na be: "Una magunia mawili. Hili unalichagua mara kumi, lile mara moja. Hili likitoa mawe mengi, utasema ndilo bovu?"

"Inategemea…"

"Hesabu mawe kwa kila sinia, baba. Haya, nimalizie." Akanisukumia mchele, akaenda kuswali.

Nilichagua huku nikisoma hukumu yenyewe kwenye simu, na mawe yalikuwa humo. Tangu Januari 2004 hadi Juni 2012, watu walisimamishwa mara milioni 4.4. Katika kila mara 100, mara 88 mtu aliachiwa aende zake, bila kukamatwa wala kuandikiwa faini. Silaha zilipatikana katika asilimia 1.0 ya mara waliposimamishwa weusi, na asilimia 1.4 kwa weupe. Jaji naye alikuwa ameliona lile la laki tano: wengi wa waliosimamishwa hawana hatia, basi kuwapima kwa mizani ya wahalifu kwatoka wapi? Hesabu ya daftari langu haikuwa na kosa hata moja. Nilikuwa nimewagawanya watu kwa kundi lisilo lao.

Sikumwambia kitu. Mtoto wa kiume ana kiburi chake.

Novemba 2019 Bloomberg alisimama kanisani Brooklyn akaomba radhi kwa siasa ile. Mama mkubwa alikuwa keshahamia Mombasa. Nikampigia simu mbio kumpasha, na kukiri kwamba siku ile alinishinda.

Mabishano hayakumbuki. Anachokumbuka ni pilau, na jiwe lililomvunja jino mgeni wake.