Katekista Aendaye Namugongo

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikitafuta wazo la filamu kuhusu imani ya Kikristo na shaka, na kila rasimu niliyoiandika hapa Kampala iliangukia mahali pamoja: mhusika alipoteza imani katika onyesho moja, kisha muujiza ukamrudishia mwishoni. Mtazamaji wa Uganda, aliyelelewa na simulizi za vijana Wakristo waliochomwa moto kwa ajili ya imani yao huko Namugongo, karibu na Kampala, tarehe 3 Juni 1886 kwa amri ya Kabaka (mfalme wa Buganda) Mwanga, hawezi kuamini shaka nyepesi kama hiyo.

Sasa ninaye katekista wa Masaka, mjane, ambaye kila mwaka huwaongoza mahujaji kwa miguu hadi Namugongo, na safari hii anawaongoza ilhali yeye mwenyewe hawezi tena kusali. Akikiri, kundi litavunjika njiani. Akinyamaza, kila rozari anayoianzisha ni uongo. Gharama hiyo, kuliko hoja yoyote ya kitheolojia, ndiyo inayolibeba wazo. Muujiza nimeufuta. Badala yake nimemwekea kisa cha Tomaso, ambaye katika Injili ya Yohana alikaa na shaka yake siku nane, bila kuwaacha wenzake, kabla ya kuonyeshwa majeraha.