Sanduku la Kupanda: Maskati, Unguja, Pemba

Goti langu la kushoto ndilo lililoninunulisha sanduku hili. Kutoka mlango wa kiwanja cha ndege cha Maskati hadi geti la mwisho ni mwendo wa kumtoa mtu jasho, na goti langu halitaki tena mizaha. Basi nikanunua sanduku la nguo lenye mota kwenye gurudumu la nyuma na mpini unaochomoka ukawa usukani. Unalikalia kama unavyokalia mbuzi ya kukunia nazi, unabonyeza kwa kidole gumba, linakwenda. Mimi kwa sababu ya buibui hukaa upande, na hilo la buibui litanirudia mbele ya safari.

Muuzaji hakuniambia habari ya uzito. Tupu lina kilo 9, na mashirika mengi ya ndege yanakuruhusu kilo 7 mkononi. Kwa hiyo hata hujatia kanga moja umeshavuka, na sanduku lazima lishuke na mizigo. Likishuka, betri lazima itoke. Betri ya lithiamu iliyotolewa hukaa na abiria ndani, ili ikianza kufuka moshi pawepo mtu wa kuiona. Chini ya wati-saa 100, yaani kipimo cha umeme uliomo ndani ya betri, unapita. Kati ya 100 na 160 unahitaji ruhusa ya shirika. Yangu imeandikwa volti 36, ampea-saa 2. Zidisha, unapata wati-saa 72. Maandishi yale nimeyabandika utepe mng'avu juu yake, maana yakifutika ofisa hapokei hesabu ya mdomo.

"Mama, betri inatoka?" kijana wa kaunta aliniuliza.

Inatoka. Nililaza sanduku, nikaivuta, nikaziba ncha zake kwa utepe, nikaitia mkobani. Nyuma yangu alikuwepo bwana mwenye sanduku kama langu, la kwake betri imefungwa ndani kwa skrubu. Nilimwacha pale akibishana. Ukitaka kununua kitu hiki, jambo la kwanza la kuuliza ni hilo, rangi utachagua baadaye.

Unguja tulitua asubuhi. Sakafu ya Terminali 3 ni laini kama sahani, nikarudisha betri, nikakaa, nikabonyeza. Sikufika mbali. Mlinzi aliinua mkono: "Bi mkubwa, shikamoo. Tafadhali shuka, hapa watu wanatembea." Nilishuka. Alikuwa na haki, na alinisukumia mwenyewe mpaka kwenye teksi.

Teksi ilinishusha Darajani, kwa kuwa kwa shangazi yangu ni Kiponda na gari haifiki. Hapo ndipo mtu na sanduku lake wanapojuana. Gurudumu la mbele kipenyo chake ni kama kisahani cha chai, na vichochoro vya Mji Mkongwe vina mitaro, vidaraja, na mawe yaliyopandishana mabega. Hatua ishirini hivi nilikwenda kwa madaha, watoto wanapiga kelele nyuma, "Bibi anaendesha begi!" Kisha rikwama la magunia likatokea mbele, hamali anaita "Hodi! Hodi!", nikakata kona kumpisha, na pindo la buibui likaingia kwenye gurudumu. Sanduku lilisimama, mimi sikusimama. Niliangukia baraza, mbele ya wazee wanaokunywa kahawa.

Baada ya kuniinua na kunipa kikombe, mmoja akataka kujua nani aliyebuni jambo hili. Nilimwambia mwaka 2014 mkulima mmoja wa Changsha, China, He Liangcai, alionekana akikatiza mjini juu ya sanduku alilolishughulikia mwenyewe kwa miaka 10. Mzee akafikiri kidogo. "Huko Changsha," akasema, "hakuna mitaro?"

Hamali yule yule ndiye aliyelifikisha, limelala juu ya magunia yake.

Asubuhi ya pili nilikwenda Mlandege kwa fundi wa simu. Alilipindua juu ya kibao, akafungua kifuniko cha gurudumu, akaingiza kibanio chembamba kwenye ekseli na kuanza kuvuta. Ulitoka uzi mweusi wa buibui langu, mrefu, ukiwa umejizungusha kama uzi kwenye bobini. Zikafuata nywele za watu nisiowajua wa viwanja vya ndege vitatu. Kisha tope jeusi la mafuta. Alilinusa.

"Umetia nini humu, Mama?"

"Mafuta ya nazi."

"Mafuta ya nazi yanakamata mchanga. Hapa umekaanga mchanga."

Nilijiona mjinga, maana nilikuwa nikitia kila mwezi nikidhani ndiyo matunzo. Alisafisha, akapaka grisi kidogo tu, ya kuonekana kwa tabu. Pale betri inapokaa, ncha za shaba zilikuwa zimeota kijani, kazi ya hewa ya chumvi. Akazisugua kwa msasa mlaini, akamalizia kwa pamba na spiriti. Sasa nafanya mwenyewe kila nikitoka pwani. Na likiwa halina safari, betri naiweka nusu ya chaji, si tupu wala si kamili, chumbani penye kivuli.

Kuchaji kwenyewe hakukuwa na shida, plagi ya Maskati ndiyo ile ile ya Unguja. Shida ilikuwa shangazi. "Usiku hakichajiwi kitu humu," alisema, akanionyesha dari kwa kidole: boriti za mikoko, kavu za miaka. Nikachaji mchana ukumbini, yeye amekaa anachambua mchele na jicho moja kwenye taa nyekundu ya chaja. Sikumlaumu. Betri hizi zikishika moto hazizimiki kwa ndoo ya maji.

Boti ya Pemba niliipanda Malindi, betri nimeifunga kwenye mfuko mkavu kwa ajili ya rasharasha za maji ya bahari. Bandari ya Mkoani tuliposhukia ni mlima mtupu, kwa hiyo hata sikujaribu kukaa juu yake. Nilitafuta daladala ya Chake Chake. Utingo alilinyanyua, likamshinda, akaliweka chini na kuliangalia magurudumu.

"Hili lina mashine?"

"Lina mota ndogo."

"Basi hili si mzigo, ni chombo," akasema, na akanitoza nauli ya pili. Lilikwenda Chake juu ya paa, limefungwa kamba baina ya mashelisheli na godoro la mtu.