Epoksi juu ya rangi ya mafuta: kaunta ya mamangu ilinikomesha

Kaunta ya jikoni kwa mamangu, Mji wa Kale, Mombasa, ni ya mbao, na tangu nikiwa mdogo imekuwa ikipakwa rangi ya mafuta juu ya rangi ya mafuta. Kijani, maziwa, kahawia, kisha kijani tena. Mwezi wa Mei mwaka jana nikaamua kuimwagia epoksi, ile gundi ya majimaji unayoichanganya na hadina (dawa ya kuigandisha) ikawa ngumu, ing'are kama kaunta za hoteli za Nyali. Nilishamwagia kimeza cha mbao mpya kikatoka safi, nikajiona fundi.

Niliosha mafuta ya mapishi, nikapitisha msasa wa haraka haraka, nikamwaga. Siku ya tatu uso ulikuwa mgumu lakini una utelezi. Mamangu akapitisha kidole, akanitazama: "Mwanangu, hii kaunta au samaki?"

Wiki ya pili pembe moja ikabanduka kipande kizima. Nilipokigeuza nikaona rangi yote imeng'ang'ania epoksi, na mbao imebaki tupu. Kumbe epoksi ilishika barabara. Rangi kuukuu ndiyo iliyoachia.

Utelezi nao ulikuwa wa masika. Hadina ikikutana na unyevu na kaboni dioksidi ya hewani kabla epoksi haijakauka, huacha utando kama nta. Huo huoshwa kwa maji ya vuguvugu, sabuni na dodoki, ndipo upige msasa. Ukianza na msasa unausambaza tu, na chochote utakachopaka juu yake hakitashika.

Jirani mmoja alinishauri safari ya pili niongeze hadina ili ikauke upesi. Namheshimu, ila hapo sikumsikiliza. Rangi ya ukuta utaitia tina kwa kukisia. Epoksi yangu ilitaka sehemu 2 za gundi kwa 1 ya hadina, kwa ujazo, basi. Ukizidisha, hadina ya ziada hukosa mwenzake na kazi hubaki laini.

Nikangoja hadi Agosti. Kuparua ndiko kulikoniua: siku tatu za skrepa na msasa wa maji. Sikutaka vumbi, kwa kuwa rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na wajukuu hawabanduki jikoni mle. Mbao nikaiacha ikauke wiki nzima.

Koti la kwanza, jembamba, nilipaka saa kumi alasiri. Asubuhi mbao hupata joto, hewa iliyomo hutanuka, na viputo hupanda juu. Jioni inapopoa hunyonya epoksi ndani. La pili nililiwahi usiku uleule, la kwanza likiwa bado linanata kidogo lakini haliachi kitu kidoleni. Hapo yanashikana yenyewe bila msasa. Ukilala ukapitiwa, kesho ni kuosha na kusugua upya.

Mamangu akataka ukingo wa kijani, kama zamani. Bahati nzuri nilijaribu kwanza kwenye kipande cha mbao: rangi ya mafuta juu ya epoksi ya jana ilinata siku nne, kwa sababu hadina ambayo haijamaliza kazi huizuia rangi kukauka. Kwenye kaunta nilingoja wiki, nikaosha, nikasugua, ndipo nikapaka. Ikakauka vizuri.

Upande wa dirishani jua la asubuhi linaingia moja kwa moja, na epoksi peke yake hugeuka manjano juani. Pale nimeongeza makoti mawili ya vanishi ya poliurethani yenye kinga ya jua. Mpaka sasa sijaona tofauti na upande wa kivulini.

Sufuria ya moto hairuhusiwi juu yake, maana epoksi hulainika kwa joto na kubaki na alama. Mamangu amesuka vikata viwili vya ukili vya kutegea, na anayevisahau hulisikia jina lake mpaka barabarani.