Mercedes-Benz W124: pua ilipanda kupita hesabu, kumbe bushi (mipira ya viungo) ndizo zilizoishika

Mbele imekaa sawa hatimaye: 8 mm juu ya mwanzo, kushoto na kulia, ikipimwa kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa fenda. Kipimo cha kutoka sakafuni hudanganya. Upepo wa tairi peke yake unatosha kukiharibu.

Kazi yenyewe ni ndogo. Lengo ni kuinua pua kidogo: toka pedi za springi (raba zinazokaa kwenye ncha ya springi; idadi ya vinundu huonyesha unene) zenye vinundu viwili (13 mm), ingia za vinundu vitatu (18 mm). Springi ya mbele inakalia mkono wa chini (chuma kinachounganisha gurudumu na bodi), upande wa ndani wa gurudumu, kwa hiyo 5 mm za pedi huzaa karibu 7 au 8 kwenye fenda. Lakini tepe ikasoma 22 mm juu ya mwanzo kushoto, 15 kulia. Gari likaendeshwa, zikashuka kidogo, kisha zikagoma.

Mkia wa springi ulikuwa umegota mahali pake. Shokamzoba haileti tofauti kubwa hivyo. Zikabaki bushi za mkono wa chini. Bushi hizi hazizunguki kwenye boliti: mpira umegandamana na chuma cha ndani na cha nje, kwa hiyo mkono ukipanda mpira unajinyonga. Nati zikikazwa magurudumu yakining'inia, mpira unashika mkao huo. Gari likishuka, unasukuma mkono chini na kugeuka springi ya pili. Kimo hicho ni cha uongo. Mpira utachanika na pua itashuka, kila upande kwa wakati wake.

Dawa ni kulegeza nati zote nne za ndani gari likiwa juu ya shimo, uzito wote kwenye tairi, na nyuma kumewekwa kabari. Boliti ni za eksentriki (kitovu chake kiko pembeni), ndizo zinazoweka kemba na kasta, yaani pembe za gurudumu, kwa hiyo piga alama ya rangi kabla ya spana kugusa. Hata hapo tepe haikusogea! Tairi zilikuwa zimeng'ang'ania sakafu, na mkono hauwezi kushuka bila gurudumu kuteleza kando. Bati mbili chini ya kila tairi, grisi katikati, bonyeza pua mara kadhaa, ikaachia. Kaza hapo hapo.

Kuhusu vifaa: springi hii inataka kibanio cha ndani, chenye sahani mbili na boliti ya katikati. Vile vya ndoano vinaweza kuteleza, na springi iliyobanwa haina msamaha. Spesa za mpira za kuchomeka kati ya koili ni upuuzi: zinaua koili moja, springi inakuwa ngumu, mzigo unahamia koili ya jirani.

Wili alaimenti (kunyoosha magurudumu) bado, na taa za mbele sasa zinamulika juu mno. Pedi za nyuma zilikuwa zifuate, lakini zimewekwa kando: kwa utaratibu wa kiwanda kimo cha mbele hupimwa kwa mwinamo wa mkono wa chini, si kwa tepe, na kipima-pembe cha kidijitali chenye sumaku kinanasa vizuri kwenye mkono. Kwanza kitengenezewe kibao cha kukikalisha pale pale kila mara.