Nilivyoimaliza Paris bila kuonekana

Kila niliyemuuliza namna ya kuimaliza kazi ya Paris kwenye gemu alinambia lile lile: chukua bastola isiyotoa mlio, jifiche, piga, toka mbio. Mdogo wangu, aliyeniachia mashine yake ya gemu, PS4, alipokwenda kufanya kazi Maskati, alinitumia sauti tatu za WhatsApp kusisitiza hayo. Vijana wa banda la gemu hapa Wete nao wakamuunga mkono. Ushauri huo ulinipotezea karibu mwezi mzima, na bado unaniudhi.

Gemu yenyewe ni Hitman, ile ya 2016. Wewe ndiye Agent 47, muuaji wa kukodiwa, na Paris ndiyo kazi ya kwanza baada ya mafunzo: kasri limejaa wageni, maonyesho ya mavazi yanaendelea, na walengwa ni wawili, Viktor Novikov na Dalia Margolis. Kuwaua tu haikunitosha. Nilitaka daraja ya Silent Assassin: wafe hao wawili peke yao, asikushuku mtu, asiokotwe mtu uliyemficha, na kamera zisibakie na picha yako.

Nacheza baada ya isha, watoto wakishalala. Usiku mmoja nilimvizia Novikov mpaka nikampata pembeni, nikafyatua. Hakuna aliyesikia. Moyo unanidunda, nikamburura kwenda kumtia kwenye kasha, na kabla sijafika mlinzi akachungulia. Nikampiga na yeye. Sasa nina maiti mbili na kasha moja. Mwenzake akaja kumtafuta, nikampiga. Mhudumu akapita na sinia, akapiga ukelele. Kila maiti ilizaa maiti nyingine, na nilipokuja kuuliwa mimi pale kwenye ngazi, ukumbi mzima ulikuwa unakimbia. Hivyo ndivyo bastola inavyokusaidia.

Mimi ni fundi charahani, na kilichonifungua macho ni nguo. Niliacha kuua, nikawa natembea tu kasrini natazama nani anapita wapi na amevaa nini. Mhudumu anaingia jikoni bila kuulizwa, lakini akipanda juu anasimamishwa. Mlinzi anapanda. Na wapo watu wenye alama nyeupe juu ya kichwa: hao hawadanganyiki na vazi, kwa sababu wanawajua wenzao wa kazi. Hilo nililielewa mara moja. Gauni nililolishona mimi, nikiliona Chake Chake limevaliwa na mtu nisiyemjua, nalitambua kwa pindo lake. Basi, alama nyeupe mpe mgongo, au subiri apite.

Nikachukua daftari langu la vipimo, nikachora kasri ukurasa wa nyuma: mlango, baa, jikoni, choo, roshani. Novikov nilimfuata mizunguko mitatu bila kumgusa.

Kisha nikaanza upya. Mhudumu mmoja nikamzimisha, sikumuua, nikamfungia kabatini. Angalia hapo: hata aliyezimia akigunduliwa, daraja imekwenda. Sumu ya panya iko kule chini kwenye stoo. Novikov ana kinywaji chake anachokipenda, Bare Knuckle Boxer, na sumu ile haimuui, inamtapisha tu. Alikunywa, akashika tumbo, akaenda mwenyewe chooni na kuinamia. Nilikuwa nyuma yake, nikamzamisha kichwa majini. Kuzama kunahesabiwa ajali, kwa hiyo hata akikutwa, huharibikiwi.

Dalia yuko juu, penye mnada wa siri, na kumfuata huko kuna walinzi kila pembe. Sikumfuata mnadani, nilimngojea karibu na roshani. Nilibonyeza rimoti ya fataki. Mbingu ya Paris ikawaka, na yeye akatoka roshani kutazama kama mtu yeyote. Akaegemea ukingo. Sikumbuki kama nilipumua. Msukumo mmoja, na hiyo nayo ajali. Nikateremka kwa mwendo wa kawaida mpaka nje. Ukikimbia watu wanakutazama.

Bando liwekwe mapema, la elfu moja au mbili hivi, maana bila intaneti alama zako haziandikwi. Mimi bando liliwahi kunikatikia katikati, ikabidi nirudie. Na sevu kabla ya kila hatua kubwa, usingoje ukosee.

Matokeo yalipotoka kwenye televisheni, Silent Assassin, nyota tano, nilipiga picha nikaipeleka Maskati saa saba ile ile ya usiku. Mdogo wangu akajibu asubuhi: "Hongera dada. Umetumia bunduki gani?" Nikamwandikia: nguo za mhudumu, sumu ya panya na fataki. Sasa niko Sapienza, kazi inayofuata baada ya Paris, na ukurasa mwingine wa daftari umeshajaa.