"Si mlisema ni AS?" Jibu refu kuhusu damu yetu na malaria

Mama mmoja aliingia maabara na mtoto mgongoni, mtoto anachemka. Kipimo cha haraka kikatoa mistari miwili. Nikaandaa na slaidi, kwa sababu kipimo cha haraka hakikuambii vimelea ni vingi kiasi gani. Chini ya hadubini nikavikuta: vipete vyembamba vya samawati, kila kimoja na kidoti chake chekundu, seli moja hapa, mbili pale. Nilipompa majibu akanikazia macho.

"Daktari, huyu si ana AS? Waliniambia malaria haitampata."

Mimi si daktari, ni mtu wa maabara. Ila hapa Tanga ukishavaa koti jeupe umekuwa daktari, nimeacha kubishana. Nilimjibu kwa ufupi maana foleni ilikuwa inanung'unika: AS inapunguza malaria kali, haimzuii mbu kuuma wala kimelea kuingia. Mpe dawa ya mseto, umalize dozi, na leo alale ndani ya chandarua. Jibu hilo ni sahihi. Lakini jibu zima ni refu, na kwa kuwa mimi mwenyewe ni AS, lina masilahi kwangu pia. Naliweka hapa kwa nafasi.

Kwa wasiojua: AS ni mtu aliyerithi jeni moja ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja, na ya kawaida kutoka kwa mwingine. Haumwi. Mwenye SS, aliyerithi pande zote mbili, ndiye anayeugua selimundu yenyewe.

Habari hii ilianzia huku kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1949 kijana aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alikuwa kwenye msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford kwenda Mlima Kenya. Akawa anapima damu za watu wa makabila mbalimbali. Kando ya Ziwa Victoria na pwani akakuta zaidi ya watu 20 katika kila 100 wana jeni ya mundu. Nyanda za juu, kwenye baridi, hata mmoja katika 100 hafiki. Kwa nini jeni inayoua watoto wa SS iwe nyingi namna hiyo pwani na ziwani? Akahisi malaria ina mkono wake.

Alirudi mwaka 1953. Karibu na Kampala akapima watoto 290. Kati ya 43 wenye AS, 12 walikuwa na vimelea. Kati ya 247 wasio nayo, 113. Yaani asilimia 28 dhidi ya 46. Kisha akafanya jambo ambalo leo kamati yoyote ya maadili ingemfukuzia mlangoni: aliwaambukiza malaria kwa makusudi wanaume 30 wa Kijaluo, nusu yao wenye AS. Katika 15 wasio na AS, 14 waliugua. Katika 15 wenye AS, wawili tu. Takwimu hizo zimo kwenye vitabu vingi vya jenetiki. Majina ya wale wanaume 30 hatuyasikii, na hilo hunikera kila nikilisoma.

Kazi kubwa iliyofuata imefanyika Kilifi, majirani zetu. Ukivuka Horohoro na kuipita Mombasa umefika. Huko, kwa miaka mingi, watafiti wamekuwa wakifuatilia watoto wanaolazwa kwa malaria na kupima vinasaba vyao. Wakapata picha iliyo wazi kuliko ya Allison: mtoto wa AS amepunguziwa malaria kali kwa takriban asilimia 90, lakini malaria ya kawaida, ya homa na kichwa kuuma, kwa nusu hivi. Yule mtoto wa mgongoni yumo ndani ya nusu iliyobaki. Hapakuwa na muujiza uliovunjika.

Sababu ni kwamba seli yenye himoglobini S, ile protini ya damu inayotokana na jeni ya selimundu, haifanyi kazi nzuri kama nyumba ya kimelea. Oksijeni ikipungua, kimelea hudumaa humo. Tena kimelea cha falciparum, kile kinacholeta malaria iliyo hatari zaidi, kina desturi ya kutokeza protini zake za kunata juu ya seli, ili seli ing'ang'anie ukuta wa mishipa midogo isipelekwe kwenye bandama ikachujwa. Kunata huko ndiko kunakoziba mishipa ya ubongo, na hapo ndipo mtoto anapopoteza fahamu. Kwenye seli ya AS protini hizo hujitokeza chache na vibaya. Kimelea kimeingia, ndiyo, lakini hakishiki.

Mwaka 2005 watu wa Kilifi wakatoa matokeo yaliyonivuruga kichwa. Pwani kuna jeni nyingine imejaa, alfa thalasemia, inayopunguza utengenezaji wa sehemu moja ya himoglobini. Yenyewe ikiwa peke yake inakinga malaria kali. AS ikiwa peke yake inakinga. Mtoto akirithi zote mbili, ungedhani amepata kinga maradufu. Kumbe kinga inayeyuka karibu yote! Maelezo yanayosadikika ni kwamba alfa thalasemia hupunguza kiasi cha himoglobini S ndani ya seli, na bila S ya kutosha ule uadui wa seli kwa kimelea haupo. Kwa hiyo AS wawili waliokaa benchi moja hapa maabara wanaweza kuwa na kinga tofauti kabisa, na karatasi zao za majibu zikafanana herufi kwa herufi.

Halafu kuna Dantu. Hili ni kundi la damu adimu sana duniani, isipokuwa Kilifi, ambako takriban mtu mmoja katika kumi analo. Mwenye nakala mbili za jeni yake amepunguziwa karibu robo tatu ya hatari ya malaria kali. Mwaka 2020, Silvia Kariuki na wenzake walichapisha namna inavyofanya kazi. Walichukua damu ya watoto 42 wenye afya, wakarekodi video ya vimelea vikijaribu kuingia kwenye seli. Seli za Dantu ngozi yake imekaza, kama mpira uliojazwa upepo mpaka kidole hakibonyei. Kimelea kinafika, kinagusa, kinasukuma, kinashindwa kuukunja utando ili kipenye. Na kilichonifurahisha zaidi: hata kwa watu wasio na Dantu, zile seli chache zilizokaza kupita kiwango fulani nazo hazikuingilika.

Mpaka hapo ni hadithi ya damu yetu. Upande wa kimelea ulikaa kimya kwa muda mrefu, nami nilikuwa najiuliza: kiumbe kinachozaliana kwa mabilioni, kinachokutana na watu wa AS vizazi na vizazi, kitakosaje kutafuta njia?

Kimetafuta. Mwishoni mwa 2021 Gavin Band na wenzake walitoa matokeo ya watoto 3,346 wa Gambia na Kenya waliougua malaria kali. Safari hii walisoma vinasaba vya mtoto na vya kimelea kilichomuuguza pamoja, mgonjwa mmoja mmoja. Wale watoto wachache wa AS waliolazwa hoi, wengi wao walikuwa wamebeba vimelea vya aina maalumu, vyenye mabadiliko katika sehemu tatu: mbili kwenye kromosomu ya 2 na moja kwenye ya 11. Dhidi ya kimelea cha kawaida, AS inakinga vikali. Dhidi ya kimelea chenye mabadiliko hayo, kinga ya AS karibu haionekani. Na vimelea vya namna hiyo ni vingi zaidi Kenya kuliko Gambia. Kadiri jeni ya mundu inavyozidi mahali, navyo vinazidi.

Kuna jambo moja humo ambalo sijaacha kulifikiria. Ndani ya tumbo la mbu vimelea hujamiiana, na kromosomu zake 14 zinachanganywa upya. Mabadiliko ya kromosomu ya 2 na ya 11 yalitakiwa yatengane kila mara. Lakini yanakutwa pamoja mno, kupita ambavyo bahati ingeruhusu. Maana yake kuna kitu kinawaondoa walio na kimoja bila kingine. Huenda hizo sehemu tatu zinafanya kazi kama timu.

Nami najiuliza kwa nini vimelea vyote havijawa hivyo. Dhana yangu ni kwamba mabadiliko hayo yana gharama kimelea kikiwa ndani ya mtu wa AA, yaani asiye na jeni ya selimundu, ambao ndio wengi. Tulishaliona hilo kwa klorokwini, dawa ya zamani ya malaria. Malawi waliiacha mwaka 1993 baada ya vimelea kuizoea. Bila dawa, vimelea sugu vikashindwa kushindana na vile vya zamani, na utafiti uliochapishwa 2006 ukakuta klorokwini inaponya tena kwa asilimia 99. Usugu una bei, na kimelea hulipa pale tu panapolazimu. Sasa kule Kagera, Karagwe hasa, wamekuta vimelea vyenye mabadiliko ya R561H, yale yale yaliyoonekana Rwanda kabla, vinavyochelewa kufa kwa artemisinini, ambayo ndiyo moyo wa dawa ya mseto. Kwa hiyo mkinisikia nawagombeza wanaoacha vidonge siku ya pili homa ikishuka, mnielewe.

Je, AS haina maana tena? La. Hesabu ya jumla bado inatubeba, mtoto wa AS anakufa kwa malaria kwa nadra kuliko wenzake. Ila msimwambie mama yeyote kwamba haitampata. Mtoto wa SS ndiyo kabisa: watu hudhani kama AS inakinga basi SS inakinga mara mbili, kumbe malaria ikimkuta mwenye SS inamwangusha haraka, upungufu wa damu juu ya upungufu wa damu.

Sasa la vipimo, kwa sababu najua ujumbe utaniingia. Kipimo rahisi ni cha tone: tone la damu, tone la sodiamu metabisalfaiti, kioo juu, unaziba kingo kwa vaselini hewa isipenye, unasubiri. Ukirudi kuchungulia, seli zilizokuwa duara zimeanza kuchongoka ncha. Kinapendeza kukiangalia, lakini kinajibu swali moja tu, kama himoglobini S ipo. AS na SS zote zinachongoka. Mkitaka kujua ni ipi, ombeni elektroforesisi ya himoglobini, kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini, na muipime wote wawili, baba na mama, maana AS kwa AS kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuwa SS. Na kwa mtoto wa chini ya miezi sita msikiamini kipimo cha tone kikisema hana: bado amejaa himoglobini aliyokuwa nayo tumboni mwa mama, seli zake zinaweza zisichongoke hata kama ni SS.